Kupima uhai wa sakafu ya bahari chini ya vizimba vya samaki kwa DNA

Nafanya kazi hii kwenye ghuba za magharibi mwa Uskoti, ambako samoni hufugwa ndani ya vizimba vya nyavu. Chakula kisicholiwa huzama pamoja na kinyesi, vikaoza kwenye tope. Oksijeni inaisha, salfaidi inaongezeka, kombe na konokono wanatoweka, na anayestawi ni mnyoo mwembamba aitwaye Capitella. Hali ikizidi kuwa mbaya, tope hufunikwa na utando mweupe wa bakteria wa Beggiatoa, mithili ya pamba iliyochambuliwa.

Kwa njia ya zamani, tope huchekechwa kwa chekeche yenye tundu za milimita 1, kisha mtaalamu hukaa na hadubini wiki kwa wiki akihesabu viumbe waliobaki. Hesabu hiyo huzaa alama iitwayo IQI, kati ya 0 na 1. Ikishuka chini ya 0.64, hali ya mahali pale haiitwi nzuri tena. DNA inatusaidia kuikisia alama hiyo mapema zaidi.

Hatua ya 1: Panga vituo kwa kufuata mkondo

Taka haziendi kila upande sawasawa. Zinakwenda maji yaendako. Anza mstari wako wa vituo, yaani mahali pa kuchotea tope, ukingoni mwa kizimba, endelea na mkondo hadi tope linapokuwa safi. Chagua pia vituo vya kulinganishia, mbali na shamba, vyenye kina kile kile na tope la aina ile ile. Ukilinganisha tope laini na mchanga, utakachopima ni tofauti ya mchanga na tope, na shamba halitakuwa limehusika.

Hatua ya 2: Chota, ukianzia pasafi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tunatumia van Veen, chuma chenye taya mbili kinachofyatuka kikigusa chini na kujifunga kikivutwa juu. Anza na vituo vya mbali, umalizie kizimbani. Siku moja upepo ulitulia kizimbani kwanza, tukaona tuwahi. Tulisafisha taya kwa maji ya bahari tu, tukaenda kituo cha mbali. Maabara ilipoleta majibu, kituo "safi" kilikuwa na bakteria wa Sulfurovum, wale wale wanaopenda tope lenye salfaidi. Tukarudi baharini na kuanza upya, na bili ya boti ikalipwa mara ya pili.

Kati ya kituo na kituo, sugua taya kwa brashi, pitisha jiki iliyozimuliwa, kisha suuza sana, kwa kuwa jiki ikibaki itaila DNA ya sampuli inayofuata. Vaa glavu mpya kila kituo.

Taya zikipanda, fungua vifuniko vya juu. Kama maji yaliyo juu ya tope ni maangavu na uso wake haujavurugika, chukua. Kama tope limechuruzika pembeni, mwaga, rusha tena. Kwa kijiko kipya, kwangua sentimita 1 hadi 2 za juu tu, kutoka sehemu tatu ambazo hazijagusa chuma, utie kwenye kichupa na kukiweka kwenye barafu. Ukifika nchi kavu, gandisha. Tope lililobaki ndilo liende kwenye chekeche na formalini, dawa ya kuhifadhi viumbe wasioze. Usibadili mpangilio huo, na chupa za formalini zikae upande mwingine wa boti, kwani formalini huharibu DNA.

Jaza pia kichupa kimoja maji safi palepale, ukikipitisha katika hatua zote kama sampuli. Hicho ni shahidi wako wa uchafuzi.

Hatua ya 3: Maabara

Changanya tope vizuri kabla ya kupima, maana vifaa vya kawaida vya kutoa DNA kwenye udongo hutumia robo gramu tu. Robo gramu hiyo ndiyo sababu naanza na bakteria: kipande cha mnyoo huenda kimo au hakimo, ila bakteria wamo kwa mamilioni, na hubadilika haraka tope linapobadilika. Tena ukitafuta DNA ya wanyama chini ya kizimba, utajaziwa samoni mwenyewe.

Nakili kwa PCR, njia ya kuzidisha DNA maabarani, kipande cha V3-V4 cha jeni ya 16S, inayotambulisha aina za bakteria, mara tatu kwa kila sampuli, kisha unganisha. Weka na PCR isiyo na DNA yoyote. Ikitoa mstari kwenye jeli ya kuonyeshea DNA, kuna uchafuzi: simama hapo hapo.

Hatua ya 4: Kompyuta

DNA ikishasomwa na mashine, programu ya DADA2 itaondoa makosa ya usomaji na kukupa jedwali: vituo upande mmoja, bakteria upande mwingine. Ondoa kloroplasti na mitokondria, sehemu za seli za mimea na wanyama zenye 16S yao, kisha kagua vile vichupa vya maji.

Sasa ifundishe programu ya Random Forest, inayojifunza kwa mifano, kukisia IQI kutokana na bakteria, kwa sampuli ambazo tayari zina alama ya IQI iliyotokana na hadubini. Wengi hutenga sampuli chache kiholela za kujaribia, wakapata majibu ya kupendeza mno. Sampuli za shamba moja zinafanana kama ndugu. Programu inakuwa imeshaona jibu. Tenga shamba zima, fundisha kwa mengine, kisha ijaribu kwa lile ambalo haijawahi kuliona. Alama za usahihi wa programu zitashuka. Hizo zilizoshuka ndizo za kuandika kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Ripoti

Chora alama za IQI dhidi ya umbali kutoka kizimbani, mstari wa 0.64 uonekane. Kituo kinachoangukia karibu na mstari huo usikihukumu kwa DNA peke yake: toa chupa yake ya formalini kabatini, umpelekee mwenye hadubini.