Kutoa albamu ya metali ya progresivu mkiwa Uganda

Metali ya progresivu ni metali ya nyimbo ndefu zenye mipangilio tata. Kuitoa albamu yake, chagueni Ijumaa kwanza, halafu hesabuni wiki 10 kurudi nyuma. Ijumaa ndiyo siku ambayo dunia nzima hutoa muziki mpya tangu Julai 2015. Wiki 10 ni kwa sababu nyimbo za dakika 9 au 12 zinataka msikilizaji mwenye nafasi, na wahakiki wa metali hupenda kuwa na kazi mkononi mwezi mmoja au miwili kabla haijatoka. Bendi inayomaliza mastaringi (ulainishaji wa mwisho wa sauti ya albamu) Jumatatu ikataka kuwa hewani Ijumaa ile ile huambulia pongezi za marafiki, basi.

Mwombeni fundi wa mastaringi faili za WAV za biti 24, kwa kiwango kile mlichorekodia (44.1 au 48 kHz), kilele kisizidi -1 dB. Msimshinikize apandishe sauti. Spotify husawazisha sauti kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo albamu iliyobanwa mpaka -7 itateremshwa desibeli 7, na kinachobaki ni ngoma zisizopiga. Muziki huu unaishi kwa tofauti kati ya gitaa kavu lililo peke yake na rifu (kifungu cha gitaa kinachorudiwa) nzito inayoliangukia. Tofauti hiyo ikishabanwa hairudi.

Tatizo sugu ni pale wimbo mmoja unapomiminikia ndani ya mwingine. Kila wimbo ukitolewa kwenye projekti yake, mwangwi wa simbali hukatwa katikati na msikilizaji husikia mlio wa "tik" au pengo. Pangeni albamu nzima kwenye projekti moja, wekeni mkato pale wimbi la sauti linapopita kwenye sifuri, bila kufifisha sauti, kisha toeni faili zote kwa mkupuo mmoja. Msihakiki mikato hiyo kwa MP3: umbizo hilo huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, hivyo mkato mzuri utasikika mbovu. Na kama mnaota santuri, upande mmoja hubeba dakika 20 hadi 22 kwa ubora unaoridhisha, kwa hiyo mpangilio wa nyimbo uamuliwe sasa.

Zikibaki wiki 8, kamilisheni karatasi. Kila mwanabendi asaini mgawanyo wa haki za kila wimbo kabla hata shilingi haijaingia, kisha sajilini hakimiliki URSB (ofisi ya serikali ya usajili) na jiungeni na UPRS (chama kinachokusanya mirabaha ya wanamuziki). Kila wimbo una namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuutambulisha. Toleo lililofupishwa kwa ajili ya redio linahitaji namba nyingine, la sivyo takwimu zitachanganyika.

Zikibaki wiki 6, pakieni kwa msambazaji wa mtandaoni, kava ikiwa ya pikseli 3000 kwa 3000. Wimbo mmoja unaruhusiwa kupendekezwa kwa wahariri wa pleilisti wa Spotify, angalau siku 7 kabla ya kutoka. Pelekeni ule unaoonyesha sura yenu ndani ya nusu dakika, hata kama siyo mnaoupenda zaidi. Nusu dakika ni muhimu pia kwenye hesabu: usikilizwaji huhesabiwa baada ya sekunde 30, na wimbo wa dakika 12 hulipwa sawa na wa dakika 2. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa huko Spotify. Kwa kuwa urefu hauongezi malipo, baadhi ya bendi hukata utungo mmoja mrefu kuwa sehemu tatu. Kateni pale tu muziki wenyewe unapopumua. Mashabiki wa progresivu hugundua haraka mkato uliofanywa kwa ajili ya hela.

Mauzo ya moja kwa moja yana faida zaidi. Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wake, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya bidhaa, lakini hulipa kupitia PayPal, kwa hiyo hakikisheni mapema kwamba akaunti yenu inaweza kupokea na kutoa pesa. Kwa mashabiki wa Kampala, Jinja au Mbarara, pokeeni kwa MTN MoMo au Airtel Money kisha tumeni faili kwa WhatsApp kama dokumenti, ambayo hufika ilivyo. Dakika 60 za MP3 ya kbps 320 ni takriban MB 144. FLAC, umbizo lisilopoteza ubora, ikiwa ya biti 16 ni mara mbili hadi tatu ya hapo. Bando ni ghali, mwacheni mteja achague, au mpeni kwenye flashi siku ya onyesho.

Kava na mabango mtachapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na hapo kava nyeusi za metali huharibika sana. Picha ya RGB (rangi za skrini) ikigeuzwa CMYK (rangi nne za wino) bila uangalizi, vivuli hugeuka tope. Geuzeni wenyewe kabla ya kupeleka, acheni mm 3 za ziada kila ukingo, na mweusi mzito uwe kama C60 M40 Y40 K100 (asilimia za kila wino). Maandishi meupe madogo yasikae juu ya mweusi huo, wino huyameza. Yawekeni juu ya K100 (wino mweusi) peke yake. Ombeni nakala moja ya majaribio na muitazame nje, juani.

Kwa wahakiki andaeni wasifu wa maneno 150, picha, mashairi, muda wa kila wimbo na kiungo cha faragha. Msijiite bendi ya kwanza ya metali Uganda: bendi ya Vale of Amonition ilitangulia, na mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kundi la Duma kutoka Nairobi. Mhakiki anayajua hayo. Kama mmetumia amadinda (marimba ya Kiganda), elezeni kwamba hatua zake tano zinakaribia kulingana upana, hivyo haziendi sawa na freti za gitaa. Bila maelezo hayo mtu wa mbali ataandika kwamba mmekosea tyuni.

Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, kwa hiyo ukurasa wa huko hauwezi kuwa nguzo ya tangazo kwa watu wa nyumbani. Tumieni WhatsApp, X, TikTok, na toleo la dakika 4 kwa redio.

Siku mbili kabla ya kutoa, fanyeni kikao cha kusikiliza: ukumbi mdogo, watu 30, mashairi yaliyochapwa, jenereta iliyowekwa mbali na ukuta wa spika, mapumziko ya dakika 10 katikati. Albamu ichezwe yote, bila hotuba juu ya muziki.

Uhakiki mwingi utakuja wiki mbili au tatu baada ya albamu kutoka. Sahihisheni makosa ya jina, mwaka au muda tu, maoni yaacheni. Wiki hiyo ya tatu ndiyo ya kutoa video ya mpiga ngoma akicheza wimbo mgumu kuliko yote mwanzo hadi mwisho, kamera moja ikiwa juu ya miguu yake.