Jinsi ya kuomba shahada ya uzamili ya saikolojia ya elimu na ushauri nasaha ukiwa Arusha au Moshi

Maombi mengi ya uzamili katika fani hii yanakwama hata pale ambapo alama za mwombaji ni nzuri. Unakuta mtu kachagua programu kwa kusoma jina lake tu, au cheti kimoja kinamtaja kwa jina lisilofanana na lililo kwenye kingine. Yote mawili yanazuilika, mradi uanze mapema. Jipe miezi 6 kabla ya dirisha kufungwa.

Hatua ya 1: Anza na kazi unayoitaka

Saikolojia ya elimu na ushauri nasaha ni ndugu, lakini kila moja ina njia yake. Saikolojia ya elimu inachunguza jinsi mtu anavyojifunza: kumbukumbu, motisha, ukuaji wa mtoto, upimaji, takwimu na utafiti. Anayeisoma anafaa kuwa mhadhiri, mtaalamu wa mitaala na mitihani, au mkufunzi wa saikolojia katika vyuo vya ualimu kama Patandi kule Tengeru au Marangu. Ushauri nasaha, au unasihi, unamwandaa mtu kukaa na mwanafunzi aliyefiwa, anayeonewa bwenini, au aliyeacha kula wiki ya mitihani. Anafundishwa kumsikiliza kwa utaratibu wa kitaalamu, kutunza siri, na kujua ni lini suala limevuka uwezo wake na linahitaji hospitali.

Kutambua programu iko upande gani, fungua orodha ya kozi. Tafuta mafunzo kwa vitendo yenye saa zinazohesabiwa na msimamizi. Yasipokuwepo, shahada hiyo haitakufanya mnasihi, hata kama neno "ushauri" limo kwenye jina lake. Utahitimu ukiwa na nadharia nzuri, na siku mtoto wa kidato cha pili atakapoangua kilio mbele yako hutajua pa kuanzia. Hili tunalisisitiza kwa sababu anayeumia ni yule mtoto.

Wanaolenga nje nao wajue majina yanabeba maana tofauti huko. Marekani, mwanasaikolojia wa shule huandaliwa kwa programu ya ngazi iliyo juu kidogo ya uzamili. Kipimo cha NASP, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule wa huko, kinadai krediti zisizopungua 60 na saa 1,200 za mafunzo kazini, angalau 600 zikiwa ndani ya shule. Programu za unasihi zenye ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachoidhinisha programu hizo, hudai krediti 60, saa 100 za mazoezi ya awali na saa 600 za mafunzo kazini. Uingereza, jina la mwanasaikolojia wa elimu linalindwa na sheria: hulitumii bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya na huduma, na njia ya kawaida ya huko ni shahada ya uzamivu ya miaka 3. Uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza utakupa maarifa, ila hautakupa cheo hicho. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi ng'ambo ya Namanga aulize kwanza kama programu yake itakubalika katika usajili wa huko.

Hatua ya 2: Chagua chuo

Maombi ya uzamili hupelekwa moja kwa moja chuoni. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haikupangii chuo. Kazi yake kwako ni kuhakikisha chuo na programu vimeidhinishwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, tafuta jina kamili la programu kwenye orodha ya TCU. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu fulani ikiwa bado haijaidhinishwa, kwa hiyo kipeperushi au bango la barabarani halitoshi.

Asiyeweza kuacha kazi aanzie Chuo Kikuu Huria, chenye vituo vya mkoa Arusha na Moshi. Mwenge kilichopo Moshi na Tumaini Makumira kilichopo Usa River ni vyuo vya karibu vinavyofundisha elimu. Waulize ni uzamili upi unaopokea wanafunzi mwaka huo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara nzima ya saikolojia ya elimu na mitaala, na kwa anayetaka utafiti hapo ni pazuri. Nairobi iko karibu kuliko Dar kwa mtu wa Arusha: Kenyatta kina idara ya saikolojia ya elimu, na Daystar hutoa uzamili wa saikolojia ya ushauri.

Ukivutiwa na shahada ya chuo cha nje inayosomwa kwa mtandao, ulizia TCU kwa maandishi kabla ya kulipa ada kama tuzo hiyo itatambuliwa. Kuuliza ukiwa umeshahitimu ni kuchelewa.

Hatua ya 3: Pima sifa zako

Kiwango cha kawaida nchini ni shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5.0, yaani daraja la pili la chini. Mwenye daraja la pasi kwa kawaida hupitia stashahada ya uzamili kwanza. Baadhi ya programu hutaka shahada ya kwanza iwe ya ualimu, saikolojia au ustawi wa jamii, kwa hiyo mwenye shahada ya biashara asome masharti mpaka mwisho.

Ukiomba nje, usibadilishe GPA yako mwenyewe. Andika "3.6 kati ya 5.0". Kuna wanaoandika 3.6 peke yake, mfumo unaihesabu kuwa ni kati ya 4.0, na transkripti ikifika mwombaji anaonekana amedanganya.

Hatua ya 4: Kusanya nyaraka

Utahitaji vyeti vya kidato cha nne na cha sita (au stashahada), cheti cha shahada, transkripti kamili, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha ya pasipoti na wasifu wa kurasa 2. Tamko la matokeo la muda halikubaliki vyuo vingi. Kama hujachukua transkripti, anza nayo leo, kwa sababu chuo ulichosoma kinaweza kukudai fomu ya kutodaiwa iliyosainiwa maktaba, bwenini na uhasibu. Waliosoma shahada ya kwanza Kenya au Uganda, na huku kaskazini ni wengi, waombe cheti cha utambuzi kutoka TCU. Aliyefanya mitihani ya sekondari nje apate ulinganifu kutoka NECTA.

Sasa majina. Panga vyeti vyote mezani na usome jina herufi kwa herufi. Cha kidato cha nne kinasema "Neema J. Mushi", cha shahada "Neema Joseph Mushi", na NIDA "Neema Joseph Massawe" baada ya ndoa. Tofauti ya kifupisho kwa kawaida humalizwa na hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina la ukoo likibadilika, andaa hati ya kubadili jina kwa wakili, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Bila usajili huo ofisi ya udahili inaweza kuirudisha. Katika fomu andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha shahada, na uambatishe hati.

Nakala zigongwe muhuri na wakili, kisha ziskaniwe kwenye mashine. Picha ya simu inatoa faili zito lenye kivuli cha mkono pembeni, na mifumo mingi hukataa faili linalozidi ukubwa uliowekwa. Mwambie mtu wa steshenari askani kwa nukta 200 kwa inchi, PDF, kurasa zote za transkripti katika faili moja, ukurasa wa nyuma wenye maelezo ya madaraja ukiwemo. Huo wa nyuma ndio unaosahaulika.

Hatua ya 5: Wadhamini na maandishi

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, huwa 2 au 3, na angalau mmoja awe mhadhiri aliyekufundisha. Mfumo humtumia kiungo kwa baruapepe, na mara nyingi kinaangukia kwenye folda ya barua taka. Mpigie simu siku hiyohiyo, umtumie wasifu wako na jina la programu, na umkumbushe wiki moja kabla ya mwisho. Ombi lililokamilika upande wako bila barua zao halifunguliwi.

Andiko dhana la utafiti lisizidi kurasa zilizotajwa, kwa kawaida 2 au 3. Kosa kubwa hapa ni upana. "Athari za msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa Tanzania" haifanyiki. "Namna wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule 4 za kata Moshi Vijijini wanavyoomba msaada darasani baada ya kutoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari" inafanyika: ina watu, mahali, tabia inayoonekana na swali.

Hatua ya 6: Lipa na utume

Fungua akaunti kwa baruapepe utakayoitumia miaka yote. Ya kazini inafungwa ukihama. Vyuo vya umma hutoa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, ile watu wanayoiita kontroo namba. Lipa benki au kwa simu kabla haijaisha muda, na usitumie namba ya mwenzako hata kiasi kikilingana. Rudi kwenye akaunti uhakikishe malipo yanaonekana, ndipo ubonyeze kutuma. Wengi hulipa wakadhani wamemaliza, kumbe ombi limebaki rasimu.

Kwa mwalimu wa serikali

Ruhusa ya masomo iombwe sambamba na udahili. Barua huandikwa kwa Mkurugenzi, mfano "Mkurugenzi wa Manispaa, Halmashauri ya Manispaa ya Moshi", ikipitia "K.K. Mkuu wa Shule" na "K.K. Afisa Elimu Sekondari". Taja programu, chuo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na nani analipa. Ulizia mapema kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usiondoke kituoni kwa kutegemea ruhusa ya mdomo: kisheria huo ni utoro kazini.

Ukishapata barua ya udahili

Thibitisha nafasi ndani ya siku zilizotajwa, na uende kusajiliwa na vyeti halisi. Soma barua uone kama umedahiliwa kwa masharti, kwa mfano kuleta cheti cha utambuzi cha TCU ndani ya muhula wa kwanza. Ukifika hatua ya kukusanya data shuleni, barua ya chuo itaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, iende wilayani, kisha kwa Mkurugenzi, ndipo mkuu wa shule akupokee. Epuka kuipeleka mwezi wa mitihani ya taifa, maana shule hazitakupa darasa.