Breki ya mbele iko mkono gani?

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Ufaransa au Italia kwa ile safari ya baiskeli ya kikundi yenye kiongozi, sikizeni hili. Asubuhi ya kwanza mkishakabidhiwa baiskeli, usiipande kwanza. Isukume polepole huku ukibinya breki moja moja. Baiskeli nyingi tulizozoea hapa Mombasa, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Kule kwa kawaida iko kushoto. Mimi sikuangalia. Kwenye mteremko wa kwanza nilibana kushoto kwa nguvu nikidhani ni ya nyuma, gurudumu la nyuma likainuka. Sikuanguka, alhamdulillahi, lakini mikono ilinitetemeka hadi wakati wa chakula cha mchana.

Breki za waya fundi anaweza kuzibadilisha mikono upesi. Za mafuta zina kazi zaidi, kwa hiyo waambie waandaaji wa safari kabla hujasafiri.

Na siti: nyumbani chukua uzi, pima toka katikati ya mhimili wa kati, ule unaozungushwa na pedeli, hadi juu ya siti, funga fundo, tia mfukoni. Kule unaunyoosha tu, siti inakaa pale pale mwili wako ulipopazoea. Magoti yatakushukuru siku ya tatu.

Barabarani mnapita kulia, hilo kiongozi atawakumbusha.

Miteremko yetu kisiwani ni mifupi, haitoshi kwa mazoezi. Vukeni Likoni Jumamosi mbili tatu, mpande toka Kombani hadi Kwale, kisha mshuke taratibu mkibinya breki kidogo kidogo.