SOMO: Kulinganisha makundi mawili ya takwimu kwa grafu za nukta

Naandika hapa kwa sababu nimechoka kujibu lile lile: "Wanafunzi wangu wakikokotoa wastani wa mikondo miwili, wanaona kazi imekwisha. Nifanyeje?"

1. Wape makundi yenye wastani sawa. Kwa mfano, alama za mtihani za mkondo A: 48, 49, 50, 50, 50, 51, 52. Mkondo B: 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80.

2. Wakokotoe wenyewe. Wote watapata 50 na kusema mikondo iko sawa. Usiwasahihishe bado.

3. Wachore mstari wa namba kwa kila mkondo, nukta moja kwa kila mwanafunzi. Alama ikijirudia, nukta zinapandana.

4. HAPA NDIPO PANAPOHARIBIKA. Mistari yote miwili iende 0 hadi 100, nafasi kati ya kumi na kumi iwe ile ile, na sifuri ikae chini ya sifuri. Mwanafunzi akiachiwa, A ataianzia 48 na kuiishia 52, ajaze upana wote wa daftari. B ataianzia 20 hadi 80, ajaze upana ule ule. Kisha atakuapia kwamba mtawanyiko (jinsi alama zilivyosambaa) ni mmoja, na kwa mchoro ule ana haki. Kagua mistari kabla hawajaweka nukta hata moja. Wakishaweka, kufuta ni ugomvi.

5. Waandike sentensi mbili, ya katikati na ya mtawanyiko, wakitaja wanafunzi wenyewe. "B imetawanyika" haitoshi. "A wote wako karibu na 50, ila B ina wa 20 na wa 80" ndiyo ninayoitaka.

MASWALI

– Mkuu, kwani wastani hautoshi?
Rudi hatua ya 1 na 2.

– Mkondo wangu mmoja una wanafunzi 40, mwingine 80. Nukta za huu mkubwa zinapanda juu, wanafunzi wanadhani ndio uliofaulu.
Swali zuri sana, mwalimu. Panga alama kwa makumi, kisha chora histogramu (grafu ya nguzo zinazogusana, moja kwa kila kumi) ya asilimia badala ya idadi. Wanafunzi 10 kati ya 40 ni 25%, ila 10 kati ya 80 ni 12.5%. Hapo nguzo zinalinganishika.

– Nimejaribu, haikufanya kazi.
Mistari yako inaanzia ngapi?
– Mmoja 0, mwingine 30.
Hatua ya 4.

– Kuna mfano wa kuwaonyesha wale wanaobisha kwamba kuchora ni kupoteza muda?
Upo. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne, kila moja ya jozi 11 za namba. Wastani na mtawanyiko wake karibu ni ule ule, lakini ukizichora hakuna inayofanana na mwenzake. Waache wazichore wenyewe.

– Sisi hatuna karatasi za grafu.
Chora mistari sakafuni kwa chaki, tumia vizibo vya soda kama nukta. Kizibo kilichokaa vibaya kinasogezwa tu, hakuna kufuta.
– Ila vizibo viwe vya ukubwa mmoja, vinginevyo rundo la vinne linaonekana refu kuliko la vitano.
Kweli kabisa, ongezeni hilo.