Wiki sita za kuandaa timu ndogo ya tenisi kwa Kundi la III la Afrika

Nchi mbili zikikutana katika Kundi la III la Afrika, moja ya ngazi za chini za mashindano ya tenisi ya timu za taifa, iwe ni Davis Cup ya wanaume au Billie Jean King Cup ya wanawake, huchezwa mechi tatu kwa siku moja: mbili za mmoja mmoja, halafu moja ya wawili wawili. Anayetangulia kuchukua seti mbili ndiye mshindi wa mechi, na nchi iliyoshinda mechi mbili imemaliza kazi. Kesho yake ratiba inawaletea wapinzani wengine. Kocha wa timu ndogo aitazame hesabu hii vizuri kabla ya kupanga zoezi hata moja, maana nafasi yake imo humo.

Kwa wiki sita humfanyi mchezaji wa nafasi ya 1,200 duniani awe wa kumshinda wa nafasi ya 300. Huenda siku moja akamshinda, lakini hilo huwezi kulipangia. Wawili wawili ni habari nyingine. Huko nusu ya kazi ni kusimama mahali pake, kuingiza sevu ya kwanza (mpigo wa kuanzisha pointi) na kuelewana bila kusemezana, na yote hayo yanafundishika. Mara nyingi timu kubwa huwachukua wachezaji wake wawili wa mmoja mmoja, waliokwisha kuchoka, ikawaunganisha jioni hiyo hiyo. Jozi iliyokaa pamoja mwezi mzima inaweza kuwaadhibu.

Afrika imeshaliona hilo. Februari 2000, Zimbabwe iliikaribisha Marekani mjini Harare, nyota wa Marekani Andre Agassi akiwa uwanjani na bingwa wa zamani John McEnroe akiwa nahodha wao. Zimbabwe ilichukua mechi ya wawili wawili kupitia Wayne Black na Kevin Ullyett, na Marekani ikaponea 3–2 katika mechi ya mwisho kati ya tano zilizochezwa. Jozi hiyo baadaye ilishinda US Open 2001 na Australian Open 2005. Hata taji la Angella Okutoyi wa Kenya pale Wimbledon mwaka 2022, upande wa vijana, lilikuwa la wawili wawili. Yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwafunga Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada, na huyo Mboko ndiye aliyekuja kubeba taji la mashindano ya Montreal mwaka 2025.

Nani aingie kikosini

Chukua wanne, na wa tano kama fedha zipo. Wawili wawe wa mmoja mmoja. Kati ya wanne hao, angalau mmoja achaguliwe kwa ajili ya wawili wawili tu: mrefu, mwenye voli (kupiga mpira kabla haujadunda), asiyeogopa kupigiwa mpira wa kifuani. Akiwa anatumia mkono wa kushoto, ni heri zaidi. Kosa linalorudiwa mwaka hadi mwaka ni kuchukua wanne wa kwanza wa mashindano ya taifa kwa mpangilio wao, kisha ukagundua mkiwa ugenini kwamba wote wanne wanakaa mstari wa nyuma.

Mchezaji nambari mbili ndiye wa kumtazama kwa jicho la pekee. Nambari mbili wa kila upande ndio hufungua siku, kisha nambari moja, halafu jozi. Timu nyingi za kundi hili zina nyota mmoja, na chini yake kuna pengo. Basi pointi iliyo rahisi kuipata ni ile ya asubuhi, na cha kusikitisha ni kwamba makocha humpa nambari moja saa zote za mazoezi na kumwacha mwenzake apige na watoto wa klabu. Igeuze hesabu hiyo: kati ya saa 20 za korti kwa wiki, nambari mbili apate 12 pamoja na wapigaji wenye nguvu kuliko yeye. Hata vijana wa kiume wa klabu wanaweza kumsaidia binti wa timu ya taifa kwa kazi hiyo.

Mchezaji anayesoma Marekani aitwe mapema. Anayetoka Alabama, ambako Okutoyi alisomea Chuo Kikuu cha Auburn, yuko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao. Mwili hurekebisha kama saa moja kwa siku, kwa hiyo mletee tiketi ya kufika siku 8 kabla ya mechi ya kwanza. Akifika siku 3 kabla, atacheza mechi ya asubuhi huku mwili wake ukidai bado ni alfajiri.

Kuijenga jozi

Jozi ichaguliwe mwisho wa wiki ya kwanza na isibadilishwe bila jeraha. Ifanye mazoezi pamoja dakika 75 kila siku, siku 5 kwa wiki.

Anza na sevu. Weka koni moja kwenye mstari wa katikati wa kisanduku cha sevu, nyingine pale mwili wa mrudishaji unapokuwa. Kila mtu apige sevu 20 za kwanza kwa robo tatu ya nguvu zake, na 14 ziingie. Zisipofika 14, arudie. Katika wawili wawili sevu ya pili ni hatari kuliko mnavyodhani: mrudishaji anasogea ndani, na anayelipa ni mwenzako aliyesimama wavuni, anayepigiwa mpira akiwa hana pa kukimbilia.

Kisha urudishaji. Simamisha mianzi miwili pembeni mwa nguzo, ufunge kamba nusu mita juu ya wavu kutoka upande hadi upande. Mpira wa kurudisha upite kati ya wavu na kamba, uangukie miguuni mwa aliyepiga sevu anapokuja mbele. Mipira 30 upande wa kulia, 30 upande wa kushoto, na kila upande 20 ipite chini ya kamba. Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni hatua ya nyuma: mchezaji akihofia sevu anarudi, anauchelewa mpira, raketi inafunguka na mpira unapaa. Mchoree mstari wa chaki nyuma ya visigino vyake, asiuvuke.

Siku 10 za mwisho ongeza mpangilio wa mstari mmoja: mwenzako anachuchumaa katikati karibu na wavu, kichwa chini ya ule ukanda mweupe, la sivyo sevu yako itampata kisogoni. Anaonyesha ishara nyuma ya mgongo, ngumi ni kubaki na kiganja ni kuvuka. Sevu ipigwe katikati, kwa sababu ikipigwa nje inampa mrudishaji pembe ambayo hakuna wa kuifunika. Na mjifunze ishara hizo kwa mikono kweli. Kiswahili ni silaha nzuri mkicheza na Namibia, unasema "mwilini" na hakuna anayeelewa. Lakini mkikutana na Tanzania, Burundi au Rwanda, mmewasomea barua yenu kwa sauti.

Funga kila kipindi kwa taibreka tatu (gemu ya kuamua seti) zinazoanzia pointi 5–5.

Mpira, mwinuko na nyuzi

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Addis Ababa zaidi ya 2,300. Huko hewa ni nyepesi, mpira unaenda kasi na unadunda juu. Kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu ya mwinuko kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219, kwa hiyo waandikie waandaaji mapema kuuliza aina kamili ya mpira utakaotumika. Mpate huo huo, siyo unaofanana nao.

Upime mwenyewe. Kwenye ukuta ulio juu ya sakafu ya saruji, chora mstari wa chaki mita 2.54 kutoka chini, mwingine sentimita 135 na wa tatu 147. Panda kiti, uachie mpira mpya kutoka mstari wa juu bila kuusukuma. Mpira wa kawaida ulio sawa, ukiwa pwani, unadunda kati ya mistari miwili ya chini. Ukiupeleka mpira huo huo Nairobi utauona unadunda juu zaidi, pengine hata kuupita mstari wa 147, na hapo mchezaji wako wa kutoka Mombasa ataelewa kwa nini fohendi yake inatoka nje kwa mita nzima. Usipimie kwenye udongo, utadanganyika.

Kwa siku 6 za mwisho, vikundi viwili vya mazoezi, vipindi viwili kwa siku na mipira mipya 4 kila kipindi, unahitaji mipira 96, yaani makopo 32 ya mipira mitatu. Shirikisho likikwambia fedha hazitoshi, punguza fulana za sherehe. Mipira iliyochoka inafundisha mkono uongo.

Nyuzi nazo zikazwe zaidi mkipanda mwinuko. Anayetumia kilo 23 pwani aanze na 24, apige saa nzima, kisha aongeze nusu kilo kama mpira bado unaruka. Raketi moja inakula kama mita 12 za uzi, hivyo roli ya mita 200 inatosha raketi 16. Kila mchezaji awe na raketi tatu, zote zenye mkazo mmoja. Nyuzi za poliesta hulegea hata zikikaa bila kutumika, kwa hiyo zifungwe jioni ya kuamkia mechi. Za wiki iliyopita ziwe za akiba tu.

Kiwanja kikiwa cha udongo, kama pale Nairobi Club ambapo Billie Jean King Cup ya kundi hili ilichezwa Juni 2023, waliozoea saruji wapewe wiki mbili za kujifunza kuteleza: mguu wa mbele unateleza kabla ya kupiga, siyo baada. Soli ziwe za mistari ya zigizaga. Waambie pia kuhusu alama. Mpira ukiutilia shaka, simama hapo hapo na umwite mwamuzi aje aangalie. Ukiendelea na mchezo, haki hiyo imekwisha.

Kiti cha nahodha

Mashindano haya ya timu yanampa nahodha kiti uwanjani, na anaruhusiwa kuzungumza na mchezaji kila wanapobadilishana upande. Ana sekunde 90, na 120 seti ikiisha. Wengi huzimaliza kwa hotuba. Mchezaji aliyepoteza gemu tatu mfululizo hasikii hotuba, anasikia moyo wake mwenyewe ukidunda. Zigawe hivi: sekunde 30 za kwanza kimya, anywe na ajifute, 30 zinazofuata jambo moja tu, lenye mahali na mpira ndani yake, kwa mfano "kwenye 30–30 anapiga sevu nje, sogea nusu hatua kushoto", zilizobaki ni zake. Ili uweze kusema hivyo, uwe na karatasi: chora visanduku viwili vya sevu na uweke nukta kila pointi ya 30–30 na ya kuvunja gemu (mpiga sevu akiwa karibu kuipoteza gemu yake). Kufikia seti ya pili karatasi itakuwa imeshakuonyesha tabia ya mpinzani. Fanyeni mazoezi ya sekunde 90 hizo kuanzia wiki ya nne, mkiwa na saa mkononi.

Maji: mililita 200 kila mabadilishano. Kwenye joto kali, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mpime mchezaji kwa mizani kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea arudishiwe lita moja na nusu kabla ya kulala. Asiyefanya hivyo atabanwa na misuli siku ya tatu, siyo ya kwanza, na kocha atadhani ni woga.

Wiki ya mwisho punguza mazoezi kwa nusu ila kasi ibaki. Siku mbili kabla ya droo, chezeni siku nzima ya kuigiza: nambari mbili, nambari moja, kisha jozi. Mpe jozi dakika 20 tu za kupasha moto, kwa sababu mmoja wao huenda akatoka kwenye mechi yake ya mmoja mmoja akiwa na soksi zilizolowa. Hapo ndipo utakapojua kama begi lake lina soksi kavu, fulana ya pili na raketi iliyofungwa nyuzi mpya.