Kuosha na kurekodi santuri ya miaka ya 70

Big Star, kundi la Memphis, Marekani, walitoa #1 Record mwaka 1972. Wakosoaji waliisifu, lakini madukani haikufika ipasavyo. Leo wapenzi wa pop ya magitaa huisaka. Ukibahatika kupata nakala ya zamani, iwe Kilombero, Arusha, au kabatini kwa mjomba huko Machame, usikimbilie kuipiga. Sindano ikipita juu ya vumbi huling'ang'aniza ndani ya mifereji, na kilichokwaruzwa hakirudi.

Toa kwanza vumbi kavu kwa brashi laini, ukifuata mzunguko. Chukua nusu lita ya maji ya kuongezea betri (soma chupa vizuri, asidi nayo huuzwa hapo hapo) na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi, na chumvi ukiipiga hulia kama maandazi kwenye mafuta. Futa kwa kitambaa cha miwani, lebo isilowe, kisha suuza mara mbili kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Isimamishe kivulini, jua la dirishani huipinda. Spiriti isiguse kabisa santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, maana shelaki (utomvu mgumu zilizotengenezwa nao) huyeyuka.

Wengi hukwama kwenye mashine ya kupigia santuri. Iliyotoka Marekani, yenye mota inayofuata mzunguko wa umeme, ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 50. Transfoma hushusha volti tu, hezi hubaki vile vile. Badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika utapata kama 28, na mwimbaji ataimba kama mgonjwa wa mafua. Dawa ni puli (gurudumu dogo la mota) ya hezi 50, si mkanda mpya.

Uzito wa sindano fuata ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2. Kuupunguza ukidhani unaokoa santuri ni kosa: sindano hurukaruka na kuchimba. Ukisikia mvumo, kaza waya wa ethi kwenye amplifaya.

Chomeka mashine kwenye tundu la fono (lile la amplifaya lililotengwa kwa santuri), si la kawaida, la sivyo besi itapotea. Rekodi kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi, vilele vya sauti visivuke -6 dB, na uhifadhi kwa faili la WAV, lisilobana sauti. Jaribu kwanza "Thirteen", wimbo wa #1 Record: ni gitaa kavu na sauti tulivu, hivyo kila punje iliyobaki itasikika. Ikipasuka-pasuka, rudia kuosha kabla ya kugusa kichujio cha programu, kwani hicho hula na kengele za nyuzi.