Namna ya Kupiga na Kusoma Picha za Seli za Mwanga Baada ya Uvimbe wa Makula

Mgonjwa wa kisukari ambaye makula yake (sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ilivimba, kisha ikanywea baada ya kuchomwa sindano za jicho, mara nyingi hushangaa kuambiwa kwamba unene umerudi kawaida ilhali bado hasomi vizuri. Sababu huenda isionekane katika unene, bali katika mistari michache myembamba ya upande wa nje wa retina, ambako seli zinazopokea mwanga zimejipanga. Mistari hiyo huonekana kwa mashine ya OCT, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1991, ambayo hupiga picha za mkato wa retina bila kuligusa jicho.

Kabla ya yote, pima uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake na uuandike. Panua mboni kwa matone ikiwa ni ndogo, na ikiwa uso wa jicho umekauka, tia machozi ya bandia na umwombe mgonjwa apepese. Mtoto wa jicho na ukavu hudhoofisha mwanga unaorudi kwenye mashine, na picha hafifu huonyesha mistari imekatika hata pale ilipo mizima. Picha ya namna hiyo hupigwa upya, haisomwi.

Piga kwanza mikato inayofunika eneo la takriban milimita 6 kwa 6, kisha mkato wa mlalo na wa wima inayopita katikati kabisa ya kishimo cha makula. Mgonjwa anaporudi, tumia hali ya ufuatiliaji inayorudia mahali palepale, kwa kuwa mkato uliohama kidogo tu waweza kuonyesha kupona au kuharibika ambako hakukutokea.

Sasa kuza picha na uitazame kwa rangi ya kijivu, si kwa rangi za upinde wa mvua, ambazo hupendeza macho lakini huficha mapengo madogo. Ukitoka ndani kwenda nje, utakuta utando wa mpaka wa nje, ambao ni mwembamba na hafifu. Kisha ukanda wa elipsoidi unaong'aa, unaohusishwa na sehemu ya seli za mwanga iliyojaa mitokondria, yaani vijisehemu vinavyoipa seli nishati. Na mwisho tabaka la seli zenye rangi. Ukanda wa elipsoidi ndio wa kuchunguzwa zaidi, lakini usiusome peke yake. Ukiwa umekatika huku utando wa mpaka wa nje ukiwa mzima, kuna tumaini kwamba utajijenga tena kwa wiki au miezi. Vyote viwili vikikatika katikati ya makula, tumaini hilo hupungua sana.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Damu, mafuta yaliyoganda na vifuko vikubwa vya maji huzuia mwanga usifike chini, na kilicho chini yake hufifia kana kwamba kimetoweka. Tazama tabaka la seli zenye rangi chini ya pengo: likiwa nalo limefifia kwa upana uleule, huenda unaona kivuli, likibaki linang'aa na ukanda wa elipsoidi pekee umepotea, pengo hilo yaelekea ni la kweli.

Pima urefu wa pengo kwa maikromita ndani ya milimita 1 ya katikati, na utaje mkato uliotumia ili mwenzako aweze kuurudia. Ikiwa ukanda ni mzima lakini mgonjwa haoni vizuri, chunguza kama tabaka za ndani zimevurugika au mishipa midogo ya damu imeziba.

Katika ripoti, usiandike kamwe kwamba seli zimekufa katika jicho ambalo makula yake bado ina maji ya uvimbe. Andika kwamba ukanda wa elipsoidi hausomeki kwa sasa, mweleze mgonjwa hivyo hivyo kwa lugha anayoielewa, na umpangie picha nyingine uvimbe utakapokwisha.